Nguvu Ipo, Njia Je?

Juzi hapa Mang'ula, karibu na lango la Hifadhi ya Udzungwa, kijana aliyekuwa akinyonga baiskeli ya matairi matatu kwa mikono, gunia la mpunga mgongoni pa kiti, aliipita bodaboda iliyokuwa ikihangaika na tuta. "Mdogo wangu, unafanya mazoezi?" nikamuuliza. "Mazoezi gani, mzee? Nawahi mashine." Viganja vyake vigumu kama soli ya kandambili. Nikamkumbuka Anne Wafula Strike, aliyeugua polio utotoni huko Kenya, akaja kuiwakilisha nchi yake kwa kiti cha mbio kwenye Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Moshi nako, Kilimanjaro Marathon imewahi kuwa na kilomita 10 za viti mwendo na baiskeli za mikono. Vipaji tunavyo, ila nguvu bila njia huzaa jasho tu. Sisi tunajua hafla: mgeni rasmi, viti vipya, picha, kwaheri, spoku ikikatika, hakuna aliyeachiwa hata spana. Huo si mpango wa michezo, ni maonyesho ya huruma. Anayetaka bingwa aanze na kocha, fundi na ukingo wa barabara usio na kokoto.