Safari ya Kigamboni imenirudishia raha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, yaani matembezi ya siku moja ufukweni.

Mimi ni mstaafu, mkazi wa Temeke. Kwa zaidi ya miaka kumi neno "safari" nyumbani kwangu lilikuwa na maana mbili tu: msiba au hospitali. Begi likitolewa uvunguni, majirani huuliza nani amefariki. Kutembea kwa ajili ya kutembea nilikuona ni mambo ya watalii.

Juzi mjukuu wangu, ambaye yuko darasa la tano, alinionyesha picha ya kalenda ukutani akauliza, "Babu, bahari hii iko wapi?" Nilishikwa na aibu. Mtoto amezaliwa Dar es Salaam! Jumapili iliyofuata tuliondoka asubuhi, mimi, yeye na bibi yake.

Tungeweza kupita Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo kwa sisi wa Temeke ndiyo njia ya karibu, lakini nilitaka mtoto apande kivuko. Sikukosea. Katikati ya baiskeli, matenga na akina mama wenye vikapu, alishika chuma cha ukingoni akaanza kuuliza habari za meli, maswali ambayo mengine nilijifanya sikuyasikia. Kuvuka ni dakika chache tu, lakini nilipoteremka ng'ambo nilijiona kama kijana aliyepewa likizo na tiketi ya treni ya Kigoma.

Tukapanda daladala hadi Gezaulole. Jina hilo kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone", na wazee wenzangu watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 hapo palikuwa na kijiji cha ujamaa chenye sifa. Maji yalikuwa yamekupwa. Mtoto alifukuza kaa mpaka akachoka, tukala mihogo ya kukaanga, na mke wangu, ambaye hulalamikia magoti kila siku ya Mungu, alikunja kanga akaingia majini akasahau kulalamika. Nami nilinyamaza nisimkumbushe.

Sasa dukuduku langu ni hili. Njia niliyoizoea tangu zamani ya kushukia ufukweni tuliikuta imezibwa kwa ukuta na lango. Mlinzi alitwambia tulipe kiingilio au tuzunguke. Simlaumu, yuko kazini. Tulizunguka juani mwendo mrefu, tukapenya kichochoro chenye takataka, ndipo tukaifikia bahari ile ile. Ukuta wenyewe umejengwa mahali ambapo maji yakijaa huulowesha, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Sipingi hoteli. Zinawapa vijana wetu kazi, na mwenye fedha zake ana haki ya kustarehe. Lakini mwananchi ambaye uwezo wake ni nauli ya kivuko na kipande cha muhogo apite wapi? Naomba wahusika wa serikali za mitaa katika mwambao wote wazipime upya njia za umma za kwenda baharini na kuziwekea vibao, ili hata mgeni ajue pa kupita bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Na walimu wakuu wa shule zilizo mbali na pwani ya jiji letu wafikirie kuwaleta watoto japo mara moja kwa mwaka; nina hakika yupo mwingine anayeijua bahari kwa kalenda.

Mjukuu wangu ameshauliza tutakwenda lini tena. Nimemwahidi mwisho wa mwezi, pensheni ikitoka, ila tutapitia darajani, kwani bibi yake hakupendezwa na msongamano wa kivukoni.

Mstaafu,
Temeke,
Dar es Salaam.