DAKTARI NAYE ANAPIGWA! PF3 YAKE ATAIJAZA NANI?

Kijana mwenzangu, kama unaamini kipigo cha nyumbani ni cha walalahoi wasiosoma, umepotea njia. Yule daktari aliyekushona ulipoanguka na pikipiki huenda usiku wake alikabwa koo na mumewe. Koti jeupe halizuii ngumi. Mshahara nao hauzuii. Wapo wanaume ambao mshahara wa mke ndio unaowachoma roho, na zamu ya usiku wanaiita umalaya.

Hebu fikiri. Mwanamke akipigwa huenda polisi, hupewa fomu ya PF3, daktari huandika majeraha, fomu inarudi polisi na mahakamani inakuwa ushahidi. Je, aliyepigwa akiwa ndiye daktari? Atasimama kaunta mbele ya askari walewale wanaomwita "dokta" na kumletea PF3 za wengine! Dawati la Jinsia lipo, lakini aliyekaa pale naye anamjua. Kisha akavue nguo mbele ya mwenzake wa zamu? Basi anameza vidonge, anavaa mikono mirefu, anaingia wodini kumwambia mgonjwa: "Usinyamaze, mama."

Akinyamaza huyu anayeijua fomu na sheria, dada yako wa Manzese atasema kwa nani?

Na wakubwa wetu je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Maneno matamu! Lakini kifungu hicho hakitaji adhabu yoyote. Mke akitaka haki, afungue kesi ya shambulio kama waliopigana baa, kisha jioni arudi nyumba ileile. Wakenya walitunga sheria yao ya ukatili wa majumbani mwaka 2015, na mahakama inaweza kumzuia mpigaji asimsogelee aliyempiga. Kwetu, utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Tulichopata ni semina na posho za semina.

Nawe usijifiche nyuma ya Serikali. Rafiki yako akitamba kijiweni kwamba "amemnyoosha" mkewe, usicheke. Kicheko chako ndicho kinachompa nguvu ya kurudia.

Na mgombea akija na fulana na kofia kuomba kura, muulize swali moja tu: kifungu cha 66 kitaota meno lini?