Jibu la Homa ya Ini Lisikome Kwenye Kijiti

Mtu wa wilaya ya Tarime au Serengeti aghalabu haijui homa ya ini kwa maumivu ya ini. Huijua kwa sababu alikwenda kuchangia damu, au alipimwa afya kabla ya kuajiriwa, au alihudhuria kliniki ya wajawazito, na huko, tone la damu lilipodondoshwa juu ya kijiti na dakika 15 zikapita, mstari wa pili ukajitokeza kando ya ule wa kwanza. Huambiwa kuwa anayo homa ya ini ya aina B, aache pombe, na akijaliwa uwezo aende hospitali ya Bugando, Mwanza. Kisha hurejea Nyamongo au Mugumu na karatasi mfukoni, asijue kama amepewa habari ya kifo au ya kitu cha kupuuza, huku jirani mmoja akimhakikishia kuwa amerogwa na mwingine akimletea mizizi ya kuchemsha. Kumwacha mtu hapo, kwa rai yangu, ni kumdhulumu.

Mstari ule hushuhudia jambo moja tu, kuwa antijeni ya ganda la kirusi imo damuni. Antijeni hiyo aliigundua Baruch Blumberg wa Marekani katika miaka ya 1960, akatunukiwa Nobeli mwaka 1976. Nayo ikidumu damuni zaidi ya miezi 6, maradhi huitwa sugu. Lakini wingi wa virusi na hali ya ini, hayo mstari hauyasemi.

Kirusi cha B hakiui chembe za ini kwa mkono wake chenyewe. Hujibanza ndani ya chembe, hata katika kiini chake, kikazaana kimya; wanaoliumiza ini ni askari wa kinga yetu wenyewe, ambao, kama wanakijiji wenye hasira waliomfuata mwizi wa ng'ombe hadi nyumba aliyojificha, huichoma nyumba ili wampate mwizi. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kuwa kinga yake imekwisha kupevuka, aghalabu huimaliza kazi kwa miezi michache, na wasiofaulu hawazidi 5 katika 100. Ilhali watoto wachanga, ambao kinga yao haijamtambua adui, hubaki naye kwa kadiri ya 90 katika 100. Miaka mingi mtoto huyo hukua mchangamfu, virusi vikiwa mamilioni kwa mamilioni katika damu yake, na kimeng'enya cha ALT, ambacho humwagika damuni chembe za ini zinapovunjika, kikiwa shwari. Ujanani au utu uzimani kinga huamka, ALT hupanda, makovu huweza kujengeka juu ya makovu, na ini likishakuwa gumu, saratani haiko mbali.

Iko antijeni nyingine, iitwayo HBeAg, ambayo kuonekana kwake ni dalili ya virusi kuzaana kwa wingi. Mama mjamzito aliye nayo, asipopata hifadhi yoyote, humwambukiza mwanawe kwa kadiri ya 70 hadi 90 katika 100. Hata hivyo kutoonekana kwake si cheti cha amani, maana vipo virusi vilivyobadilika vizaanavyo bila kuitoa, na ndiyo sababu wingi wa virusi hauna budi kupimwa, tena si mara moja.

Najua wakubwa watajibu: fedha. Lakini mashine za GeneXpert, tulizozizoea kwa kifua kikuu, huweza kuhesabu virusi vya B kwa kubadilishiwa katriji tu. Na tenofovir, dawa ivizuiayo, imo ndani ya kidonge kile kile wapewacho wenye VVU kwenye kliniki zao za CTC. Insafu gani hii, kwamba mwenye VVU na homa ya ini pamoja hupata dawa yake bure, na mwenye homa ya ini peke yake aghalabu huambiwa atie mkono mfukoni? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Machi 2024, limekubali kuwa hata pasipo kipimo cha wingi wa virusi, mtu ambaye ALT yake imedumu juu aweza kuanzishiwa dawa. Na ALT si kipimo cha kufuatwa Mwanza.

Chanjo ya watoto ilianza nchini mwaka 2002, na waliozaliwa kabla yake wengi hawakuipata. Wakati huohuo kisu cha ngariba, ambacho sheria ya mwaka 1998 ilikikataza kuwagusa wasichana wa chini ya miaka 18, kingali kikitembea kwa siri katika misimu ya Desemba, kikitoka mwili huu na kuingia ule, ilhali damu iliyokauka huweza kukihifadhi kirusi hiki kwa siku 7 au zaidi. Wazee wa mila waliochoka kusikia hoja ya haki za wasichana labda wataisikiliza hii, maana haimbagui mvulana.

Basi kila zahanati inayozalisha, tangu Sirari hadi Mugumu, iwe na dozi ya chanjo ya saa 24 za kwanza za mtoto. Na kila aonekanaye na mistari miwili, mwenzi wake, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja waitwe wapimwe, asiye nayo achanjwe mara tatu, na aliye nayo afunguliwe faili na kupangiwa tarehe ya kurudi, papo hapo wilayani.