Sauti Iliyosogea Karibu

Kila tunapogusa muziki wa kantri wa zamani katika kurasa hizi, barua hutufikia za aina mbili. Za kwanza huuliza kwa nini tunaharibu karatasi kwa nyimbo za wakulima wa Texas. Za pili hutoka kwa wapenzi wenyewe wa kantri, nazo ndizo zilizonikera hadi nikaomba toleo zima. Zinadai kwamba kantri halisi ilikufa pale studio za Nashville zilipoiondoa fidla na kuingiza waitikiaji wa sauti laini, na kwamba mkosaji mkuu ni Jim Reeves.

Hoja ya kwanza sitaikalia. Banjo asili yake ni kwa Waafrika waliovushwa Atlantiki utumwani. Mwimbaji wa kantri Hank Williams alifundishwa muziki na Rufus Payne, mpiga gitaa Mweusi wa mitaani huko Alabama. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Wasichana wale hawakumwiga mtu. Walimpokea mgeni, wakamvisha pembe na kwato, wakamwimbia kwa lugha yao. Anayeita hiyo kasumba ausikilize wimbo wenyewe kwanza.

Sasa Reeves. Kabla ya kuwa nyota alikuwa mtangazaji wa redio, na jambo hili wanaomlaumu hulipita mbio. Mtangazaji hujifunza mapema kwamba hazungumzi na umati. Anazungumza na mtu mmoja aliyekaa jikoni. Mwaka 1953, katika "Mexican Joe," Reeves bado alipaza sauti kama wenzake. Kufikia "Four Walls" mwaka 1957 alikuwa amesogelea kipaza sauti hadi midomo ikakaribia kukigusa, akaishusha sauti hadi chini kabisa, akaimba kama anayeongea na jirani wa benchi. Chet Atkins, aliyesimamia kazi zake nyingi za studio, alimpisha: ala zikapunguzwa, sauti ikabaki mbele. Kweli Atkins alitaka kuuza, kwa kuwa rock and roll ilikuwa imewapokonya wateja. Lakini haja ya muuzaji haielezi kwa nini msikilizaji alitokwa na machozi.

Chukua "He'll Have to Go," aliyoirekodi mwaka 1959. Mwanamume yuko baa, amempigia simu mpenzi wake, naye anajua kwamba huko aliko mpenzi yupo mwanamume mwingine. Wengi wangemtungia wimbo wa kufoka. Huyu anaanza kwa kumwomba mpenzi asogeze kinywa karibu na simu. Wivu wote, hofu yote ya kuachwa, vimebanwa ndani ya ombi hilo dogo, na Reeves analitimiza kwa koo lake mwenyewe: yeye ndiye anayesogea. Hapo ndipo penye faraja ya kantri ya zamani kwa maoni yangu. Matangani, anayefariji hamzidi mfiwa kwa kilio. Huvuta kigoda, hukaa karibu, hunena kwa sauti ya chini. Reeves aliimba hivyo, na fidla kali ingemharibia.

Nasema haya kwa ushahidi wa nyumbani pia. Tulikuwa na redio moja, na betri zikichoka tulizianika juani. Spika yake ilikuwa ndogo kama kifuniko cha sufuria. Ala nyingi zikipigwa pamoja zilikuwa kelele tupu. Sauti ya Reeves ilipita salama. Mama yangu hakujua Kiingereza, lakini wimbo ule ukianza aliweka ungo chini na kuacha kupepeta mpaka uishe. Hakuna aliyemwambia unahusu nini. Nilipokuja kumweleza miaka mingi baadaye, aliniambia alikuwa anajua kwamba mtu yule anaomba kitu.

Katika toleo hili mwandishi anayenipinga nimempa kurasa nyingi kuliko wote, na anaandika vizuri. Anamweka George Jones juu kabisa, na "He Stopped Loving Her Today" ya mwaka 1980 kama kilele cha ukantri usiochakachuliwa. Namkubalia kilele hicho kwa moyo wote. Ila naomba msomaji ausikilize tena wimbo huo, asikie ala za nyuzi za okestra ambazo mtayarishaji Billy Sherrill alizipandisha nyuma ya Jones, kisha ajiulize ule usafi unaotetewa uko wapi.

Makala kuhusu Loretta Lynn na nyumba ya mchimba makaa ya mawe ni fupi na inatosha. Ile ya koti la viraka la Dolly Parton itawagusa waliosoma kwa sare zilizoshonwa upya. Kuna pia ripoti kutoka baa za Nakuru. Mkiwa na muda wa makala moja tu, someni ya Don Williams, aliyeimba ameketi kwenye kigoda na kofia yake kichwani, na ambaye mwaka 1997 aliwaimbia watu wa Harare bila kuinua sauti. Yeye ndiye mrithi wa kweli wa jambo ninalolitetea.

Reeves alikufa katika ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40. Miongoni mwa kanda alizoacha ulikuwamo wimbo wa Cindy Walker, "Distant Drums." Aliurekodi kama kielelezo tu, ili mtunzi ausikie. Okestra iliongezwa baada ya mwimbaji kuzikwa, na mwaka 1966 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Ondoeni okestra hiyo akilini, na mtabaki na mtu aliyekuwa akimwimbia mwanamke mmoja wimbo wake mwenyewe.