Tenisi ya Wawili Ina Funzo kwa Modogashe

Mwaka 1989, katika mashindano ya tenisi ya kulipwa mjini Seoul, Korea Kusini, Mkenya Paul Wekesa alishirikiana na Mmarekani Scott Davis wakatwaa taji la wanaume wawili wawili. Hiyo ni fahari ya michezo. Lakini kwa mwalimu wa lugha, mchezo huo una funzo jingine.

Achezaye peke yake aweza kunyamaza toka mwanzo hadi mwisho. Wachezao wawili hawawezi. Uwanja wao una upana wa futi 36 badala ya 27, na mpira ukija katikati yao, sharti mmoja anene upesi: "Wangu!" au "Uache!" Anayechelewa kutamka hupoteza alama.

Hilo ndilo linalokosekana katika shule nyingi za maeneo kama Modogashe. Watoto wengi huzungumza Kisomali nyumbani, nacho Kiswahili hukikuta daftarini na katika mtihani. Ngeli wanazijua, lakini hawapati sababu ya kuamrisha, kuonya wala kupongezana kwa Kiswahili.

Watasema tenisi ni mchezo wa matajiri. Ni kweli kwa klabu za mijini. Shuleni, kamba kati ya vigingi viwili, vibao vya mbao na mpira mmoja vyawatosha watoto wanne.

Kisomali kisidharauliwe, Kiswahili nacho kipewe uwanja. Walimu, tusiingoje Wizara. Lugha isiyo na kazi nje ya darasa hufia darasani.