Nani anatunza michoro ya Mwadingusha?

LUKAFU, Haut-Katanga – Umeme ukikatika Lubumbashi, lawama inaangukia SNEL. Ni haki yake kwa sehemu kubwa. Lakini nyuma ya kila turbini kuna watu ambao raia hawawaoni: wahandisi washauri, wale wa biro detidi, wanaopima mto, wanaochora bwawa na kusema mashine gani inunuliwe. Ofisi hizo zinauzwa na kununuliwa kama migodi.

Mfano uko kwetu, kwenye mto Lufira. Bwawa la Mwadingusha lilijengwa na Union Minière na kuanza kazi mwaka 1930, likiitwa Francqui. Baada ya Union Minière kutaifishwa, mitambo ikaishia kwa SNEL katika miaka ya 1970. Ilichakaa. Waliokuja kuifufua si serikali, ni wenye mgodi wa Kamoa-Kakula: Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, ambayo iliingia mwaka 2015 kwa dola milioni 412. Mashine zote 6 zilibadilishwa, na mwaka 2021 kituo kikarudi kwenye mtandao na megawati 78. SNEL inalipa deni hilo kwa kukatwa kwenye bili ya umeme ya mgodi.

Kazi ya uhandisi ilipewa Stucky ya Lausanne, ofisi iliyofunguliwa na profesa Alfred Stucky mwaka 1926. Leo ni mali ya Gruner, kundi la Basel lenye mizizi ya mwaka 1862.

Je, kuna ubaya? Si lazima. Ofisi ndogo yenye wataalamu wazuri hukosa mtaji na bima ya kubeba mradi mkubwa, na ikiingia katika kundi kubwa inapata vyote viwili. Ndiyo njia iliyowakuza wakubwa wa kazi hii. AECOM ya Marekani, iliyofanya uchunguzi wa Inga pamoja na EDF ya Ufaransa kuanzia 2011, ilizaliwa mwaka 1990 ikiwa mali ya wafanyakazi wake. Mwaka 2007 iliingia soko la hisa la New York, na mwaka 2014 ikainunua URS. Kwa hiyo aliyechunguza Inga si yule yule tena aliyekuwa ameanza, ingawa jina ni lile lile.

Tractebel ya Ubelgiji ina hadithi ndefu zaidi. Ilikuwa chini ya Société Générale, ile ile iliyoshiriki kuanzisha Union Minière mwaka 1906. Suez ya Ufaransa ilipoiteka Générale mwaka 1988, Tractebel ikafuata, na leo iko ndani ya Engie. Mwishoni mwa 2014 ikainunua Lahmeyer ya Ujerumani, ambayo mahakama ya Lesotho iliitia hatiani mwaka 2003 kwa hongo katika mradi wa maji, na Benki ya Dunia ikaifungia zabuni zake mwaka 2006. Mnunuzi huchukua wahandisi na wateja. Aibu ya zamani nayo hupotea pamoja na jina.

Hapo ndipo SNEL inapaswa kuwa macho. Bwawa linaishi miaka 90, kampuni inabadilisha mwenyewe kila baada ya miaka michache. Michoro, vipimo vya ukuta, hesabu za mafuriko ya Lufira: je, nakala kamili ziko Kinshasa na Lubumbashi, au kwenye kompyuta za Uswisi? Ufa ukionekana mwaka 2040, nani atajibu? Tena mlipaji wa mshauri ni mgodi, na mgodi ndio unaohitaji umeme kwanza, kabla ya mitaa ya Kenya na Katuba.

Wabunge wa jimbo wanaweza kuomba mikataba hiyo, waangalie vifungu viwili tu: kile cha hati kubaki kwa SNEL, na kile kinachomlazimisha mwenye kampuni mpya kubeba madeni ya yule wa zamani. Koni na Nzilo zinangoja wachoraji wao.