Kabla ya Kumwita Karani Mwizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia ndani ya kompyuta, nami nimeona kuwa heshima ya mtu yaweza kupotea hata daftari likiwapo.

Mwaka jana jirani yangu, muuza mchele wa jumla hapa mpakani Kobero, alitaka kumfukuza karani wake. Kompyuta ilidai fedha nyingi kuliko zilizokuwapo benki na sandukuni. Kijana huyo ni mtoto wa waliorejea kama mimi, na watu walishaanza kunong'ona kwamba wizi ameuleta kutoka kambini. Mimi nilisoma ukimbizini, Katumba, Tanzania, ambako mwalimu wetu wa hesabu hakukubali jibu bila kuona njia. Niliomba risiti zote, nikajumlisha kwa kalamu. Karani alikuwa safi.

Kosa lilikuwa la programu. Kila risiti iliongezwa juu ya jumla ya mwaka, na jumla hiyo iliwekwa katika namba za nukta inayoelea za biti 32. Namba hizo hubeba kiasi kikubwa mno, lakini hukumbuka tarakimu kama 7 tu za mwanzo. Jumla ikivuka faranga 1,073,741,824, haisogei tena kwa moja moja. Huruka kwa 128. Ukiongeza faranga 50, haitikisiki. Ukiongeza 100, ada ya kupakia gunia, huandika 128. Kwa magunia 1,000 karani anadaiwa faranga 28,000 ambazo hazikulipwa na mtu yeyote.

Namba kamili nazo zina mpaka. Ile ya biti 32 huishia 2,147,483,647. Ikizidi hapo, mara nyingi hugeuka kuwa hasi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka angani kwa sababu namba kubwa ililazimishwa kuingia katika biti 16, ambazo huishia 32,767. Ikiwa mabingwa wa Ulaya walinaswa, sembuse vijana wetu?

Ndugu wafanyabiashara, mwulizeni anayewauzia programu: fedha zangu umeziweka katika namba gani? Namba kamili za biti 64 hakuna duka litakalozijaza. Na mnapobadilisha shilingi kuwa faranga, kanuni ya kukadiria iandikwe wazi.

Risiti za karatasi msizitupe. Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kushukiwa bila kosa.